Akiba ya Anayenunua kwa Meka

Katika mitaa ya Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kama Katuba, Kenya (mtaa wa mji huu, si nchi) na Ruashi, unga wa mahindi una bei mbili. Ya kwanza ni ya mfuko wa kilo 25, anaoununua mwenye mshahara wa mwezi au biashara inayozunguka. Ya pili ni ya meka, kipimo cha sokoni cha mtu aliyepata hela asubuhi na anayetakiwa kupika bukari (ugali) jioni hiyohiyo. Ukipiga hesabu kilo kwa kilo, mwenye meka ndiye anayelipa zaidi, maana muuzaji wa rejareja naye alinunua mfuko, akaubeba, akakaa nao juani, na lazima apate chake. Kila mama anayekwenda sokoni anaijua hesabu hii. Ajabu ni kwamba husahauliwa mara tu watu wanapoanza kushauriana jinsi ya kujiandaa kwa siku ya dhiki. Hoja ya makala haya ni kwamba nyumba iliyojiandaa na nyumba isiyojiandaa mjini humu hazitofautiani sana kwa busara. Zinatofautiana kwa kipimo zinachonunulia. Kwa hiyo maandalizi ya mwenye kipato kidogo yaanze kwa kutafuta njia ya kutoka kwenye meka na kufika kwenye mfuko, na njia hiyo ni nadra sana kupatikana na nyumba moja peke yake.

Ushauri wa kujiandaa umeenea sana miaka ya karibuni. Mwaka 2018 Serikali ya Uswidi ilituma kijitabu kwa kila kaya kueleza la kufanya vita au janga likitokea, na mwaka 2024 ikatoa toleo jipya. Machi 2025 Tume ya Ulaya nayo ikataka raia wa nchi wanachama wahimizwe kuwa na mahitaji ya kuwatosha angalau saa 72 bila msaada. Ni ushauri mzuri, na juujuu unaonekana mwepesi. Tuupime basi kwa nyumba ya Lubumbashi yenye watu saba, inayotumia kilo mbili za unga kwa siku. Saa 72 ni kilo sita, ambazo hazifiki hata robo ya mfuko. Lakini kwa anayeishi kwa kipato cha siku, kuweka kilo sita kando ni kufungia hela ambayo kesho ingekuwa nauli, keshokutwa dawa ya mtoto, na mwisho wa wiki mtaji wa kuchukulia nyanya za kuuza. Maji nayo yana hesabu yake. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada, vinataja lita 15 kwa mtu kwa siku kuwa kiasi cha chini. Watu saba kwa siku tatu wanahitaji lita 315, yaani madumu kumi na sita ya lita 20. Mwenye stoo na tangi hataona uzito wowote. Mpangaji wa vyumba viwili itabidi achague kati ya madumu na mahali pa watoto kulala.

Na hapo bado hatujafika kwenye dhiki yenyewe ya mkoa huu wa Haut-Katanga, ambayo haina desturi ya kuja na kuondoka ndani ya saa 72. Mahindi hupandwa mvua zinapoanza, mwezi wa Novemba na Desemba, na kuvunwa kuanzia Machi hadi Mei. Januari na Februari akiba ya mavuno yaliyopita imekwisha, barabara za vijijini zimegeuka tope, na bei imepanda. Makaa nayo hupanda kipindi hichohicho, kwa kuwa kuchoma tanuri na kusafirisha magunia wakati wa masika ni kazi ngumu, na mbabula (jiko la makaa) haiwaki kwa matumaini. Nyumba yetu ya watu saba ikitaka kuvuka miezi mitatu ya namna hiyo bila kutegemea soko, inahitaji kilo 180 za unga, yaani mifuko saba na zaidi kidogo. Kiasi hicho ni rahisi kukipata mwezi wa Mei, na ni mwezi huohuo ambapo anayenunua kwa meka hana fedha ya mkupuo. Mwenye mshahara hununua bei ikiwa chini na kula bei ikiwa juu. Mwenye kibarua hununua kila siku, kwa hiyo hakuna siku ya bei ya juu inayompita.

Ghala lilipokuwa la kampuni

Mji huu uliwahi kuwa na jibu la tatizo hilo, ingawa si jibu la watu wote. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1910, Élisabethville (jina la zamani la Lubumbashi) ilipoanza kujengwa, reli kutoka Rhodesia ikafika. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili sera yake: badala ya kuleta vibarua na kuwarudisha makwao, ikaanza kuwaweka pamoja na familia zao kwa kuwapa nyumba, shule, hospitali na posho. Nyumba ya mfanyakazi haikuhitaji kufikiria mifuko saba ya Januari, kwa kuwa ghala lilikuwa la kampuni. Mali ya Union Minière ilipotaifishwa mwaka 1967 na baadaye kampuni kuitwa Gécamines, utaratibu huo uliendelea. Watu wakaizungumzia kampuni kama baba na mama, na hawakukosea sana, maana ilijua hata idadi ya watoto wao.

Kisha baba akaanguka. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, iliporomoka. Mwaka 1991 wanajeshi walipora miji, Lubumbashi ikiwemo. Uzalishaji wa shaba wa Gécamines, uliozidi tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1994 haukufika hata tani 40,000. Mishahara ikachelewa kwa miezi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wakapewa mkupuo mmoja na kuambiwa wajitegemee. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikipa kitabu chake cha mwaka 2001 jina linalowataja Bana Shaba, yaani watoto wa shaba, walioachwa na baba yao. Wengi walioachwa walikuwa wachapakazi wenye nidhamu ya miongo, wanaojua kusoma saa na kupanga wiki. Kilichowaponza ni kwamba nyumba zao zilikuwa na mlango mmoja wa riziki, na mlango huo ulifungwa kwao wote kwa wakati mmoja.

Yaliyofuata yameandikwa vizuri. Kituo cha utafiti cha chuo hichohicho, Observatoire du Changement Urbain, kilipita nyumba kwa nyumba mwaka 2000 kuchunguza jinsi watu walivyokuwa wakiishi, na tafiti zake zikachapishwa katika vitabu vilivyosimamiwa na Pierre Petit: *Byakula*, kuhusu chakula, na kingine cha mwaka 2003 kuhusu kaya za Lubumbashi. Picha inayojitokeza ni ya nyumba zilizoacha kumtegemea mtu mmoja. Mke akawa mfanyabiashara, watoto wakachangia, shamba likalimwa pembezoni mwa mji, na chakula kikameza sehemu kubwa ya matumizi. Huo ulikuwa uvumbuzi mkubwa wa kijamii, uliofanywa na watu ambao hakuna aliyewapa kijitabu chochote. Uliongeza milango ya riziki, lakini haukubadili kipimo: milango mingi midogo bado inaingiza hela ya siku, na hela ya siku inanunua meka.

Akiba inapooza

Mtu anaweza kusema: basi aweke kidogo kidogo mpaka ifike bei ya mfuko. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini historia ya fedha ya nchi hii imewapa watu sababu za kutosha za kuitilia shaka methali hiyo. Desemba 1979 utawala wa Rais Mobutu ulitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10, fedha ya wakati huo, si fedha tena, ukatoa siku chache za kubadilisha na kuweka kikomo cha kiasi. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Juni 1998 faranga ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya, moja kwa laki moja. Katikati ya mabadiliko hayo, mfumuko wa bei ulihesabiwa kwa maelfu ya asilimia. Aliyeficha noti chini ya godoro hakuwa mzembe. Alifuata ushauri wa wazee, na bado akapoteza.

Somo hilo halikuwafikia wote kwa uzito uleule. Mjini Lubumbashi fedha za aina mbili zinatembea pamoja, na mpaka kati yake ni mpaka wa kitabaka. Kodi ya nyumba nzuri, mshahara wa mgodini na bei ya gari hutajwa kwa dola, ilhali meka ya unga, nauli ya basi na kibarua cha siku hulipwa kwa faranga. Mwaka 2023 dola ilipanda kutoka faranga takriban 2,000 hadi zaidi ya 2,500. Nyumba iliyoweka dola ilimaliza mwaka bila kupoteza chochote. Iliyoweka faranga ilipoteza sehemu ya akiba bila kununua kitu. Kwa hiyo mnyonge anayekataa kulimbikiza noti na kukimbilia kununua sufuria, mbuzi, mabati au kiwanja kidogo anafanya hesabu sahihi kwa taarifa alizonazo. Tatizo ni kwamba bati haliliwi Februari, na likiuzwa kwa haraka linauzwa kwa hasara. Asiyekuwa na la kuuza huenda kwa mkopeshaji wa mtaani, yule ambaye Wakongo wanamwita Banque Lambert, na riba ya mwezi mmoja inakula akiba ya mwaka mzima.

Ongeza hapo mpaka. Kasumbalesa, mji wa mpakani na Zambia, uko kilomita tisini hivi kusini mwa Lubumbashi, na mahindi na unga kutoka Zambia vimekuwa vikipita njia hiyo tangu enzi za Union Minière. Msimu wa 2023/24 ukame wa El Niño uliharibu takriban hekta milioni moja kati ya milioni 2.2 zilizopandwa mahindi nchini Zambia, na tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema akatangaza janga la kitaifa. Agosti mwaka huohuo Zambia ilifunga mpaka kwa muda baada ya mzozo uliotokana na Kongo kuzuia bia na vinywaji baridi kutoka nje. Ulifunguliwa baada ya siku chache tu, lakini siku chache zinatosha kuonyesha nani ana nini ndani. Kwa mwenye mifuko stoo, kufungwa kwa mpaka ni habari ya redioni. Kwa mwenye meka ni bei ya jioni hiyo.

Mfuko wa watu kumi

Ikiwa hela ya siku haitoshi mfuko, na noti haziaminiki, kilichobaki ni watu. Lubumbashi ina likelemba kila mahali: wanawake wa soko moja, wafanyakazi wa ofisi moja, majirani wa barabara moja, kila mmoja akichanga na kupokea kwa zamu. Wataalamu wa uchumi walichelewa kuliona jambo hili kwa uzito wake, ila sasa ushahidi upo. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya jaribio magharibi mwa Kenya, wakalichapisha mwaka 2013. Waligundua kwamba kumpa mtu mahali salama tu pa kuweka fedha za afya, sanduku la chuma lenye kufuli, kuliongeza akiba hiyo kwa asilimia 66. Njia zilizopitia vikundi vya kuchangiana nazo zilikuwa na matokeo makubwa sana. Watu walewale, wenye kipato kilekile, waliweka zaidi kwa sababu fedha ilikuwa na mlinzi. Kwa hiyo uwezo wa kuweka ulikuwapo. Kilichokosekana ni kinga dhidi ya mahitaji yanayobisha hodi kila saa, yakiwemo ya ndugu.

Turudi basi kwenye mifuko saba. Nyumba kumi zinazohitaji kilo 180 kila moja zinahitaji tani 1.8 kwa pamoja. Hata zikikubaliana kuanza na nusu tu, zinafika kilo 900, kiasi ambacho mkulima wa Kipushi au Kasenga, au mwenye lori, atakaa nacho chini kupatana bei. Likelemba inayotenga sehemu ya mzunguko wake kwa ajili ya mahindi ya Mei inaweza kufanya kile ambacho hakuna nyumba moja kati ya hizo kumi ingeweza. Inunue punje, si unga, kwa kuwa punje zilizokauka vizuri hukaa muda mrefu zaidi na zinaweza kupelekwa mashine ya kusaga kidogo kidogo. Dumuzi huzuiwa kwa mifuko isiyopitisha hewa, ambamo mdudu hukosa oksijeni na kufa bila sumu yoyote kumwagwa kwenye chakula. Mahali pa kuhifadhi panaweza kuwa ukumbi wa parokia au wa kanisa jingine lolote. Jumuiya ndogo za Kikatoliki, ambazo Katanga huziita shirika, tayari zinakutana, zinachanga na kutembelea wagonjwa, na zinajua nyumba ipi haijapika tangu jana.

Pingamizi la kwanza ni la maadili: hela ya mfuko ipo, inakwenda kwenye bia na matanga. Kuhusu bia, zipo nyumba ambazo ni kweli. Lakini wenye nacho pia hunywa, na hakuna anayesema bia ndiyo iliyomaliza unga wao. Unywaji hauelezi kwa nini nyumba moja ina mifuko na nyingine haina. Kuhusu matanga, mchango wa msiba ni bima ya zamani kuliko kampuni yoyote ya bima mjini. Asiyechangia wenzake atazikwa kwa deni, na watoto wake watakosa wa kuwapokea. Kuuita mchango huo upotevu ni kushauri mtu avunje ukuta mmoja wa nyumba ili apate matofali ya ukuta mwingine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Vikundi hufa. Mweka hazina hutoroka, wanachama huacha kuchanga wakishapokea, na likelemba iliyodumu miaka mitano huvunjika kwa ugomvi wa wiki moja. Zaidi ya hapo, kikundi cha majirani humsaidia mmoja aliyeugua, lakini mpaka ukifungwa wote wanaumia siku ileile, na hakuna wa kumwomba mwenzake. Sehemu ya kwanza ya pingamizi hili inajibiwa na bidhaa yenyewe. Tani moja ya mahindi chini ya kufuli mbili, kila ufunguo kwa mtu wake, haitoroki usiku kama bahasha ya noti. Sehemu ya pili ni kweli tupu, na ndiyo sababu akiba ya mtaani haitoshi bila watu walio mbali. Tavneet Suri na William Jack walionyesha mwaka 2014 kwamba kaya za Kenya zisizotumia fedha za simu zilipunguza matumizi kwa takriban asilimia saba zilipopatwa na msukosuko, na zenye kutumia hazikupunguza, kwa kuwa ziliweza kupokea kutoka mbali haraka. Goma nayo ilitoa somo chungu mwaka 2025: baada ya mji huo wa mashariki kuchukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, benki zilifungwa, noti zikaadimika, na simu ikawa njia ya wengi kupokea fedha. Ndugu wa Kolwezi, Kalemie au Ndola ni sehemu ya maandalizi ya nyumba ya Lubumbashi, na kumpigia simu wakati wa shibe ni kazi ya maandalizi pia.

Pingamizi la tatu hutolewa na watu wenye nia njema: ukiwafundisha wanyonge kujipanga, unaipa serikali likizo. Wana haki ya kuogopa. Yapo mambo ambayo hakuna likelemba itakayoyamaliza. Kipindupindu kilipozipiga Likasi na Lubumbashi mwanzoni mwa 2008, chanzo hakikuwa nyumba kukosa uangalifu. Mji ambao mabomba ya REGIDESO, shirika la maji, hayafiki kila mtaa utakunywa maji ya visima, na kuyachemsha kila siku ni makaa, na makaa ni hela. Umeme ni vivyo hivyo. Njia ya kusafirisha umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700, ilijengwa kwa ajili ya migodi, na mgao wa SNEL, shirika la umeme, unaendelea kuwatesa wasioweza kununua jenereta. Haya yadaiwe kwa serikali, kwa jina na kwa sauti. Lakini tuangalie pia serikali ilijibu vipi suala la chakula ilipojibu. Moïse Katumbi, gavana wa mkoa wa zamani wa Katanga tangu 2007 hadi 2015, aliagiza kampuni za migodi zilime hekta 500 kila moja. Wazo lilikuwa na mantiki, ila lilirudia mpango wa zamani wa kuifanya kampuni kuwa ghala la mji, na zaidi ya miaka kumi baadaye unga wa Zambia bado unasubiriwa Kasumbalesa. Kujipanga kwa nyumba hakupunguzi deni la serikali. Kunampa anayedai nguvu ya kungoja jibu bila kuuza sauti yake kwa meka mbili wakati wa kampeni.

Kinachoweza kudaiwa sasa hivi ni kidogo na kinatekelezeka. Magharibi mwa Kenya, wakulima waliopewa mkopo wakati wa mavuno waliweza kuhifadhi mahindi badala ya kuyauza kwa bei ya chini, wakafaidika bei ilipopanda. Utafiti wa Marshall Burke na wenzake uliochapishwa mwaka 2019 uliuona mkopo huo ukilipa. Mnunuzi wa mjini ana tatizo lilelile likiwa limegeuzwa, naye anahitaji mkopo wa mwezi huohuo, unaotolewa Mei kwa kikundi chenye mahindi kama dhamana na kurudishwa kidogo kidogo kwa hela ambayo ingekwenda kwenye meka hadi Februari. Ushirika wa akiba unaweza kuutoa, parokia inaweza kuusimamia, na kampuni ya mgodi inayotafuta mradi wa kijamii wa kuupiga picha inaweza kuudhamini. Serikali ya mkoa inaweza kuchangia kwa kuondoa vizuizi vya barabarani vinavyotoza mahindi ya mkulima mdogo kabla hayajafika mjini. Halafu Juni ikifika, badala ya kuuliza raia wana akiba ya saa ngapi, ihesabu ni nyumba ngapi zimeacha kununua kwa meka. Idadi hiyo itaeleza kwa uaminifu jinsi Februari itakavyokuwa.